Igizo la Watu Wasiosikilizana

Waigizaji walimwita Mama Kumbusho. Kazi yake ilikuwa kukaa ndani ya kisanduku chini ya ukingo wa jukwaa, kitabu cha igizo magotini, akimnong'oneza kila aliyesahau maneno yake. Ndiyo kazi aliyoijua tangu usichana.

Kisha akaja mwongozaji mpya, kijana wa ndevu na haraka. Igizo lake halikuwa na kitabu. Familia moja ingekaa mezani na kusema wote kwa pamoja, kila mtu na lake, mpaka wachoke.

"Sasa mimi nitakumbusha nini?" aliuliza Mama Kumbusho.

"Kaa tu humo, mama. Wewe ni ile sauti ambayo jamii imeacha kuisikiliza."

Akakaa. Kazi ni kazi.

Nyumbani kwake nako watu hawakusikilizana, ila wao walinyamaza. Mumewe na mdogo wa mumewe walikosana juu ya ukuta wa uani, walioujenga pamoja ukapinda. Walikula meza moja bila kusemezana.

"Mwambie shemeji yako apunguze redio," mume angesema.

Naye shemeji, aliyekaa kiti cha pili tu, angejibu, "Shemeji, mwambie mumeo azibe masikio."

Mama Kumbusho alipeleka na kurudisha.

Siku ya onyesho la kwanza watazamaji walicheka mwanzoni. Kisha mmoja akawajibu waigizaji, jirani yake akamwambia afunge mdomo, wa tatu akaingilia kumtetea. Mara ukumbi mzima ukawa unapayuka, hakuna wa kumsikia mwenzake. Viti vikaanza kuruka. Jukwaani waigizaji walinyamaza mmoja mmoja, wakabaki kuwatazama watazamaji. Yule aliyecheza baba akainamia kisanduku.

"Mama, tunamalizaje?"

"Sijui, mwanangu. Haikuandikwa."

Nyuma ya ukumbi mwongozaji alikuwa akipiga makofi kwa furaha, mpaka kiatu cha mtu kilipompata shavuni.

Mama Kumbusho alitokea mlango wa nyuma, akaenda zake nyumbani. Wakati wa chakula mume akasema, "Mwambie shemeji yako anipe chumvi."

Mama Kumbusho aliendelea kula. Mume akarudia.

"Mwambie mwenyewe. Ana masikio."

Wale ndugu wakatazamana. Shemeji akaisukuma chumvi mbele taratibu.

"Na ule ukuta," mume akamwambia mdogo wake usoni, "uliujenga umefumba macho."

"Kamba ya kupimia ulishika wewe, kaka!"

Wakainuka, sauti zikafika kwa majirani. Wakatoka uani na tochi kuukagua ukuta, wakiendelea kubishana. Mama Kumbusho akamalizia chakula chake kabla hakijapoa.

Hawakupatana. Ila kuanzia hapo walitukanana wenyewe, bila mjumbe, na mara mojamoja walicheka katikati.

Igizo lilisimamishwa, kisanduku kikapigiliwa mbao. Mama Kumbusho alihamishiwa dirisha la tiketi. Ukimuuliza, atakwambia huko angalau kuna upepo.