Nimeshatua

Kwenye kiduka kilichobanwa kati ya kinyozi na muuza miwani, kulikuwa na mwanamke aliyekata tiketi za ndege. Wateja walimwita Dada Tiketi. Alikuwa na ulimi mtamu. Mtu akiingia roho juu kwa kuogopa ndege, alimwambia, "Saa mbili tu, ndugu yangu. Usingizi haujakunogea, umeshafika."

Saa mbili hizo ndizo zilizomtenga na mdogo wake, fundi wa lifti, kitinda mimba wa mama yao. Lakini mwaka huo ndege ya moja kwa moja ilifutwa kwa kukosa abiria. Sasa ilibidi kuzunguka: upande kwenda kaskazini, ubadilishe ndege kwenye uwanja wa kati, ndipo urudi kusini. Mji uleule, siku nzima njiani.

Asubuhi moja muuguzi akapiga simu. Fundi alikuwa ameanguka kwenye shimo la lifti.

"Anaongea," muuguzi alisema, "ila usichelewe."

Dada alijikatia tiketi, akaondoka na nguo alizokuwa nazo mwilini.

Alipofika uwanja wa kati, ukungu mzito ulishuka, hata bawa la ndege iliyoegeshwa nje ya dirisha halikuonekana. Ndege zote zilizuiwa. Alikwenda kaunta, akarudi, akaenda tena. "Tuvumiliane, dada," walimjibu kila mara. Simu ikaita.

"Dada, uko wapi?" Sauti ya mdogo wake ilikuwa nyembamba, ya mtu anayebana meno.

Aliutazama ule weupe nje. Angemwambiaje?

"Nimeshatua," akasema. "Niko kwenye teksi. Foleni tu hapa."

"Basi mwambie dereva akanyage mafuta." Alijaribu kucheka, kicheko kikamkwama. "Nakusubiri. Silali."

Ukungu uliondoka taratibu, kama usio na habari na mtu. Jua lilikuwa linazama alipofika hospitali. Muuguzi alimpokea koridoni, akamshika mkono, akamkalisha kwenye benchi. Hapo Dada akajua.

"Tulitaka kumpa sindano ya usingizi ili maumivu yapoe," muuguzi alisema. "Alikataa katakata. Eti dada yake yuko kwenye teksi, akilala hatamwona. Mlango ukilia tu, anageuza shingo. Ameteseka, sikufichi. Kwani hiyo teksi iliharibika?"

"Foleni," Dada alisema, akaichukia sauti yake.

Wakamwingiza chumbani. Paji la uso la mdogo wake lilikuwa bado limekunjamana, na grisi ilikuwa imeganda kwenye kucha. Aliushika ule mkono, ulikuwa umeshapoa. Alitaka kuomba msamaha, lakini wa kuusikia hakuwepo tena.

Akampigia mama yao. Mama alilia mpaka sauti ikamkauka, kisha akauliza, "Lakini alikuona, mwanangu?"

"Hakuniona, mama."

"Mbona mchana alinipigia," mama akasema polepole, "akaniambia nisiwe na wasiwasi, dada ameshatua?"

Dada aliegemea ukuta, akateleza mpaka chini. Wakabaki hivyo, kila mmoja akimsikia mwenzake anavyopumua, hadi simu ikakatika.