Damu ya Kaka kwa Koo Langu

Mimi hupiga mnada wa ng'ombe Mhunze. Kazi yangu ni kelele, na kwa miaka mingi nimelipwa kuzipiga, jambo ambalo mke wangu alilikubali kwa sharti kwamba zibaki hukohuko mnadani. Kwa hiyo saratani ilipotafuta mahali pa kukaa mwilini mwangu, iliacha miguu, mgongo na tumbo lote hili, ikachagua koo. Ina akili sana.

Walinichoma mionzi hospitali ya rufaa, uvimbe ukayeyuka, nikabaki na sauti ya mkwaruzo ambayo wanunuzi walidai ni afadhali, maana inatisha. Kisha daktari, binti mpole wa rika la mwanangu wa kwanza, akanieleza kuhusu utafiti wao. Wanachukua damu ya watu waliotibiwa saratani ya koo na kupima protini fulani ndani yake. Zikipanda, huenda ugonjwa unajiandaa kurudi hata kabla jicho halijaona kitu. Hadi siku hiyo protini nilizozifahamu ni maharage na dagaa, lakini nilimwelewa. Alisema pia kwamba kipimo chenyewe bado kinachunguzwa, si hukumu. Kazi yake ni kuwafanya wanichungulie koo mapema. Nikakubali, wakanitoa damu ya kwanza.

Nilipoyaeleza nyumbani, kaka yangu mkubwa ndiye aliyefurahi kupita wote. Kwetu Usukumani kazi hiyo ina wenyewe: mfumu, yaani mganga anayesoma kuku. Mgonjwa humtemea kuku mate, ndugu akambeba hadi kwa mfumu, kuku akapasuliwa na yajayo yakasomwa humo ndani. Mgonjwa mwenyewe habanduki kitandani, wala hakuna anayemtarajia. Kaka alisikiliza habari za protini, akatikisa kichwa, akasema wataalamu nao wamefika, ila wamechelewa.

Siku ya kipimo cha pili ilinikuta na malaria. Kaka akachukua kadi yangu ya kliniki, akasema niache kuhangaika, atakwenda yeye. Nikamshukuru sana, nikidhani anakwenda kuniombea tarehe nyingine. Baada ya muda simu ikaita kutoka hospitali: protini ziko chini, mambo mazuri kabisa, nirudi baada ya miezi sita. Nikadhani ni majibu ya ile damu ya kwanza. Nililia mbele ya ng'ombe. Kaka akachinja mbuzi.

Sasa, katikati ya supu, akasimama kutoa shukrani kama afanyavyo mtu mzima mwenye mbuzi wake. Akamshukuru Mungu, akawashukuru mababu, halafu akakunja mkono wa shati kutuonyesha mahali sindano ilipoingia. Walimwita kwa jina langu, akaitika. Tumefanana kama sahani za seti moja, nani angeuliza? Akasema damu ni nzito kuliko maji, na sisi ni baba mmoja, mama mmoja. Kuna haja gani ya kumburuza mgonjwa kwenye basi?

Nikaweka bakuli chini. Basi ilikuwa imethibitika kitaalamu kwamba katika ukoo wetu yuko mtu mmoja ambaye saratani haimrudii, naye hajapata kuugua hata jino. Hongera zake. Kuhusu mimi hapakuwa na habari yoyote, na mbuzi tulishamla.

Nilimpa maneno mbele ya wageni. Akajibu kwamba shukrani ya punda ni mateke, akaondoka zake. Mke wangu alinisubiri nitulie, akasema, "Baba watoto, hasira utamalizia baadaye. Kesho tunapanda basi." Sikutaka kwenda. Majibu ya kaka yalikuwa matamu. Kwa siku chache nilikuwa nimeishi kama mtu mwenye afya, na nilitamani kubaki hukohuko.

Damu yangu mwenyewe haikunipendelea. Protini zilikuwa juu. Daktari akanichungulia kwa kamera, akaona kidoa, na kwa upole wake uleule akaniambia, "Baba, hiki kingekaa hiyo miezi sita, tungekitoa kisanduku chote cha sauti. Au tusingekuwahi kabisa." Wakakikata kupitia mdomoni, kisha wakanipa adhabu: nisitamke neno mpaka waniruhusu. Mpiga mnada, kunyamaza. Mke wangu alionekana kupumzika.

Kaka alikuja wodini na chupa ya uji. Mke wangu alikuwa ameshamsimulia aliyoyasema daktari. Hotuba ya kumkaripia kaka nilikuwa nimeiandaa tangu kwenye basi, ndefu, na huyo punda wake nilimtafutia nafasi ya heshima. Hakukaa. Alisimama miguuni mwa kitanda, akashika chuma, akasema, "Mdogo wangu, nilitaka nikupunguzie mateso tu. Kumbe nilikuwa nakuzika."

Machozi yakamtoka. Mtu huyu sikumwona akilia hata siku tuliyomzika baba. Hotuba yote ikaniishia. Nilimpenda, na nilikuwa bado nimemkasirikia, na yote mawili yalinikaa palepale kwenye kidonda. Tangu siku ya mbuzi sikuwa nimemwamkia, na kwetu mdogo kumnyima mkubwa wake salamu ni tusi zito. Nikavunja amri ya daktari.

"Shikamoo, kaka."

Haikuwa sauti, ilikuwa upepo tu. Akaitika marahaba, akaniwekea kiganja mdomoni ninyamaze.