Glasi ya Mtangazaji

Enyi wasomaji wapenzi mliokutanika tena, nitegeeni masikio. Katika kipindi cha vichekesho cha televisheni, mtangazaji alimpa mwimbaji maarufu juisi ya maracuja, yaani pasheni, aliyoitia pilipili kwa siri, muda mfupi kabla hajaimba.

"Kunywa, dada, koo lilainike!"

Kutoka viti vya watazamaji mama wa mwimbaji akapaza sauti: "Apana, mutoto wangu! Mwenye kukaribisha aonje kwanza!"

Kwetu desturi hiyo haikwepeki mbele za watu. Ukumbi ukaitikia, "Aonje! Aonje!" Mtangazaji akanywa, akatokwa machozi, mwimbaji akaimba kwa sauti safi, akisindikizwa na kikohozi cha mtangazaji.

Aliyenisimulia kwanza ni mama mwenyewe, Bibi Zaina wa mtaa wa Mutanga Nord. Anaapa hakujua habari za pilipili.