Mabibi Niliowatunga Uwanjani

Nikisimulia hili naomba msinitazame usoni, maana hata leo nikipita Maore mtu akaniita "mjukuu wa Namkunda" najifanya sikusikia.

Ilikuwa enzi za ruksa, maduka ya Same yamejaa vitu na mifuko yetu imejaa hewa, mimi nauza mitumba stendi na nimemchumbia Neema, binti wa Mzee Eliamani, mzee wa kanisa mwenye sauti ya chini ambayo ukiisikia tu unakagua vifungo vya shati. Siku moja nimekwenda kwao Maore nikakuta wataalamu wa chuo kikuu wamekusanya watu uwanja wa kanisa, na daktari mmoja, mama wa miwani, anaeleza kwamba mwilini mna alama ambayo mtoto huirithi kwa mama peke yake, na mama naye kwa mama yake, kurudi nyuma hivyo hivyo, baba haongezi kitu (hapo wazee wa kiume wakaguna). Walitaka damu ya watu ambao upande wa mama ni Wapare wa tangu zamani, na kila atakayetoa atapewa kilo ya sukari.

Sukari, jamani. Tena mkwe amekaa mbele. Nikanyoosha mkono.

"Bibi mzaa mama yako alizaliwa wapi?" daktari akauliza.

Sikujua. Bibi ndiye aliyenilea palepale Maore, na akikemea mbuzi kwa Kipare hata wazee wanageuka, nikaona inatosha, nikasema alizaliwa Gonja, na mama yake pia. Ningeishia hapo ningepona, ila daktari akatabasamu, akauliza kama nawajua na wa nyuma yao, nami (ulimi huu) nikaanza: bibi alizaliwa na Namsifu, Namsifu na Nakunda, Nakunda na Namkunda, nikapanda mlima hivyo hivyo kwa majina ninayookota hewani, mengine nadhani niliyasoma makaburini. Watu wakapiga makofi.

Mzee Eliamani hakupiga. Alisimama polepole.

"Huyo Namkunda wa Gonja, yule mfinyanzi?"

"Ndiye huyo, baba," nikajibu, maana nilishashika kasi.

"Huyo ndiye aliyemzaa bibi wa mke wangu." Akahesabu kwa vidole. "Basi wewe na Neema ni ndugu. Ndoa haipo."

Neema akafunika uso kwa kanga, nikadhani analia (baadaye aliniambia alikuwa anacheka). Mimi nikishikilia uongo nakosa mke, nikiuacha naumbuka, nikaomba twende kwa bibi akathibitishe, sijui athibitishe nini, na uwanja mzima ukatufuata.

Tulimkuta bibi anachambua maharage ya makande. Shikamoo, marahaba, kisha daktari akamuuliza habari za mama yake Namsifu.

"Simjui huyo," bibi akasema. "Mama yangu aliitwa Kalunde, Mnyamwezi wa Tabora. Baba alikuja huku manamba, kukata mkonge, nami nikiwa mgongoni mwa mama. Kipare nimejifunza baada ya kuolewa."

"Mbona hukuwahi kuniambia, bibi?"

"Uliniuliza lini?"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Daktari akafunga mkoba wake kwa huruma, damu yangu haina kazi tena. Mzee Eliamani peke yake hakucheka, alinivuta pembeni.

"Kwa hiyo si ndugu."

"Si ndugu, baba."

"Ni mwongo tu."

"Ndiyo, baba."

Akafikiri sana. "Afadhali," akasema. "Mwongo hufundishika."

Ndoa ikasogezwa hadi baada ya mavuno, ili nifundishike. Jioni ile nilikaa jikoni kwa bibi, nikamuuliza habari za mama yake, akaanza kusimulia huku anafuta macho, akasingizia moshi. Tangu hapo nikiulizwa nisilolijua nasema sijui, hata kama mkwe ananitazama, na wanangu nimewafundisha jina la Kalunde kabla hawajajua kuhesabu.