Mti Mkavu wa Darini

Jumapili ile nilipewa dakika kumi baada ya matangazo. Sisi zimamoto tukienda kanisani kutoa elimu huwekwa mwisho, watu wakiwa wanawaza ugali. Ilikuwa Igamba, msimu wa kulima, na mimi kwa kupenda kusikilizwa sijambo. Nikawaambia mtu akinaswa na umeme asishikwe kwa mkono. Tafuta mti mkavu, sukuma waya kando. Wakaitikia vizuri. Nilikuwa nimebakiza jambo moja tu: hayo ni ya waya wa ndani ya nyumba. Waya wa kwenye nguzo ukianguka, mti haukuokoi hata uwe mkavu namna gani. Kaa mbali, piga simu. Mzee wa kanisa akanionyesha saa yake. Nikasema amina, nikakaa bila kulisema.

Wiki mbili baadaye, mchana, simu ikaingia kituoni Vwawa. Upepo umeangusha nguzo Igamba, mtu amenaswa shambani.

Tulifika mvua ikinyesha, na tukasimama. Hiyo ndiyo kazi yetu ambayo watu wanaichukia. Mpaka mafundi wa umeme wathibitishe laini imezimwa, sisi tunafunga utepe na kuzuia ndugu wasimkimbilie mtu wao. Siku ile tulitukanwa matusi ya kila aina. Katikati ya mahindi machanga alilala maksai wa kulimia, waya umempitia mgongoni, na pembeni yake mwanaume kifudifudi. Mkononi alikuwa na mti mweusi kwa moshi. Niliujua palepale. Huku kwetu miti ya namna hiyo hukaa darini mwa jiko, juu ya moto, ndipo mahindi yanapokaukia. Hakuna mti mkavu kuliko huo. Alikuwa amekimbia nyumbani kuufuata.

Laini ilipozimwa tukamtoa, tukamfunika. Mkewe alikuwa amekaa kwenye tope, halii. Aliponiona akanitambua.

"Afande, si wewe ulitufundisha kanisani? Alitaka kumwokoa maksai. Alichukua mti mkavu, mvua hata haijaanza. Alikosea wapi?"

Wenzangu walikuwa wananitazama. Mti ulikuwa miguuni pangu, unachuruzika maji ya mvua iliyokuja yeye akiwa ameshaanguka. Maneno ya kumjibu yalikuwa machache, yaleyale niliyoyabakiza.

"Mti umelowa, mama," nikasema.

Akainama akaugusa, akavitazama vidole vyake. Ndipo akalia.

Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Wangu uliponza kichwa cha mwenzangu, kisha ukamsingizia. Naona aibu, na aibu hiyo sijaizoea.

Nimerudi kanisa lile mara mbili. Siku hizi naanza na waya wa nguzo, na mzee wa kanisa aonyeshe saa mpaka achoke. Yule mama hukaa benchi la mbele. Mara ya mwisho nilipomaliza alisimama mwenyewe, bila kuombwa, akawageukia wenzake.

"Msikilizeni afande mpaka mwisho," alisema. "Haya yote alishayasema siku ile. Mume wangu alikuwa mtu mzuri, ila hakuwa msikivu."

Kanisa zima likaitikia amina. Na mimi nikaitikia.