Aliniambia "achia", nikaachia breki: mbio za quad kwenye matope ya Gatumba

Wakuu, habari za huko mliko.

Mimi humu ni msomaji wa kimya, miaka mingi. Leo naandika. Nitasema yaliyotokea vile yalivyotokea, na pale ambapo sina uhakika nitasema sina uhakika. Shule niliishia la saba na Kiswahili changu ni cha Bujumbura, kwa hiyo mtanivumilia.

Nina kaye, daftari la kawaida la mistari, huwa naandika humo mambo ya siku. Siku hii nimeshaiandika mara tatu na zote tatu hazifanani. Hii hapa ni ya nne.

Naishi Ngagara. Kazi yangu ni dereva wa gari dogo la mizigo, depo moja kule Zone Industrielle, eneo la viwanda. Rafiki yangu anaitwa Saidi, fundi wa Buyenzi. Tumejuana tangu hajaoa.

Saidi alipata quad mbili zilizokufa, hizi pikipiki za magurudumu manne. Akazivunja zote, akatengeneza moja. Ilimchukua karibu mwaka, maana alikuwa anaifanya akimaliza kazi za watu. Mbele nyekundu, nyuma njano.

Mafundi wenzake walikuwa wakipita wanamtania. "Saidi, hii mutoto yako iko na baba wawili."

Anawajibu, "Ndiyo, na wote wawili walikufa. Yeye ndiye atawazika ninyi."

Sasa kuna jamaa wenye quad zao, wanakutana kujifurahisha, wakapanga mbio. Si mashindano makubwa. Hakuna leseni, hakuna kombe. Ni mizunguko mitatu kwenye mashamba ya mpunga, ukishapita uwanja wa ndege, upande wa Gatumba.

Saidi alichotaka ni kimoja. Wale jamaa waone chombo kilichotoka Buyenzi kinamaliza mbele ya vyao vilivyotoka dukani, halafu wamletee vyao avitengeneze. Aache kulala chini ya magari ya watu. Ndicho tulichokuwa tunashindania, wala sitasema kilikuwa kidogo.

Yeye ni mzito. Mimi nina kilo hamsini na nane. Ndiyo maana nikaendesha mimi.

Alinifundisha Jumapili kadhaa kwenye mchanga. Nikizidisha moto, ananipigia kelele "Achia!" nami natoa kidole gumba kwenye gazi, ile ya kuongeza mwendo. Kwa Saidi, achia maana yake ni achia gazi. Gereji yao yote wanasema hivyo. Nilijua hilo. Naliandika mapema ili asije mtu akasema sikuambiwa.

Siku yenyewe mvua ilianza alfajiri.

Mwandaaji alituita chini ya turubai, akauliza kiungwana kabisa: tuahirishe au tukimbie? Tulikuwa madereva tisa. Wawili wakasema tuahirishe. Saba tukanyoosha mkono tukimbie, na wa kwangu ulikuwa wa kwanza au wa pili kupanda. Kwa hiyo mwandaaji msimlaumu.

Sababu ilikuwa esanse. Mnajua hali ya petroli hapa kwetu. Kila mtu alikuwa ameikusanya kwa wiki, chupa kwa chupa, na imeshaingia kwenye tangi. Hakuna aliyetaka kurudi nayo nyumbani.

Saidi akanifunga mkanda wa kofia. Akasema, "Deo, we unaendeshaka sawa mutu anafukuzwa na nyuki. Leo apana. Leo enda sawa mutu anabeba mayai."

Nikamwambia, "Na nikishinda nimebeba mayai?"

"Tutakula omleti."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho ya utani kati yetu kwa muda mrefu.

Niwaeleze njia. Sehemu mbaya ilikuwa moja. Kuna tuta la udongo, juu kama urefu wa mtu na nusu. Unalipanda, halafu unashuka ghafla hadi kwenye mfereji wa maji ya mpunga, wenye kingo za zege. Juu ya mfereji walikuwa wamepanga magunia ya mchanga ili tuvuke. Ukiwa unapanda tuta huoni chini. Ndiyo maana kila dereva aliweka mtu wake pale wa kumwongoza. Wa kwangu alikuwa Saidi.

Mzunguko wa kwanza nilivuka vizuri. Saidi aliinua mkono, ishara yetu ya achia gazi ushuke, nikaachia, nikashuka taratibu.

Lakini baada ya hapo injini ikaanza kukohoa. Nafikiri maji yaliingia mahali. Kila nikiachia gazi, inazima. Ilinizimia katikati ya matope, watu wawili wakanipita, mmoja wao Parfait, kijana wa Ngagara kwetu mwenye quad mpya.

Nikajitungia ujanja. Nikawa sitoi kidole kwenye gazi hata kidogo. Nikitaka kupunguza, nashikilia breki kwa mkono wa kushoto, gazi inaendelea kunguruma mkono wa kulia. Saidi alikuwa amenikataza hilo waziwazi. Alisema inachoma breki, na siku breki ikiteleza chombo kitaruka. Nilifanya hivyo hivyo.

Mzunguko wa pili nilifika kwenye tuta, Saidi akainua mkono, nikamwona, nikapunguza gazi kidogo kidole kikiwa palepale, nikavuka. Injini haikuzima. Nikajiona mjanja.

Wakuu, mzunguko wa tatu ndio huu.

Mvua ilikuwa imezidi. Yale matope yetu ya mpunga ni meusi, yananata kwenye tairi mpaka linakuwa duara la matope tupu. Nilikuwa namwona Parfait mbele yangu, akapanda tuta, akapotea upande wa pili.

Nikapanda mimi. Nikasimama juu kabisa, breki nimebana, gazi imefunguka, injini inalia. Macho yamejaa matope. Mkono wa Saidi siuoni. Ng'ambo ya mfereji, kama hatua ishirini hivi, nikamwona Parfait amekwama, magurudumu yanazunguka bure.

Ndipo nikasikia sauti ya Saidi kutoka chini. "Achia! Deo, achia!"

Mkono wangu wa kushoto ukaachia breki.

Chombo kiliruka. Sikushuka lile tuta, niliruka nacho. Nilipofika chini nikamwona Saidi amepiga magoti kwenye ukingo, amekumbatia gunia. Parfait alipovuka alikuwa amelisukuma gunia moja, na Saidi alikuwa analirudisha ili mimi nipite. Ndiyo maana hakuinua mkono. Mikono yake yote miwili ilikuwa na kazi yangu.

Aliwahi kunyanyuka nusu. Mguu wa kulia ukabaki kati ya chuma cha mbele na zege.

Sauti iliyotoka sitaiandika. Kwenye kaye pia sijaiandika.

Hapa lazima nimtendee haki Parfait. Nimewahi kumsema vibaya, kwamba ana maringo. Yeye ndiye aliyetupa chombo chake akarudi mbio, akaingia kwenye mfereji maji yakiwa kifuani, akainua quad kwa bega. Mimi nilikuwa nimesimama pale naita jina la Saidi kama mtu anayemtafuta, na yuko mbele yangu.

Gari la mwandaaji lilikuwa na mafuta ya kufika barabarani tu. Tukanyonya esanse kutoka kwenye tangi za quad, moja baada ya nyingine, kwa mpira. Parfait alinyonya mpaka akatapika. Ile esanse ambayo hakuna aliyetaka kurudi nayo nyumbani, ndiyo iliyompeleka Saidi hospitali.

Njiani kichwa chake kilikuwa mapajani kwangu. Aliniuliza kitu kimoja tu.

"Ilimaliza?"

Chombo. Alikuwa anauliza kama chombo kilimaliza mbio. Nikamwambia ndiyo. Huo ni uongo wangu wa kwanza.

Matope yalishaingia kwenye mfupa. Siku ya nne walimkata mguu chini ya goti.

Sasa kwa nini breki, na si gazi?

Nimefikiri sana. Wale wa Buja mtanielewa. Mimi ni dereva, na mwaka huu sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kukaa kwenye foleni ya mafuta. Unazima injini ili usimalize kile kidogo ulicho nacho. Foleni ikisogea, watu wa nyuma wanashika gari lako wasukume, na wanakupigia kelele neno moja. "Achia!" Yaani achia breki ya mkono tusukume. Nimelisikia mara ngapi, siwezi kuhesabu. Nimewahi kuachia breki nikiwa nimesinzia. Neno lilikuwa linafika mkononi kabla halijafika kichwani.

Kwa hiyo Saidi alitamka neno la gereji, nami nikasikia la foleni. Yeye alikuwa anasikia injini inalia juu yake, anataka niinyamazishe.

Hiyo ndiyo habari ya kwanza kwenye kaye. Ni nzuri, inaniacha msafi kidogo.

Ya pili ni hii. Nilimwona Parfait amekwama. Nilijua nikishuka haraka nampita. Je, sikio langu halikuchagua lile nililotaka kusikia? Sijui wakuu. Naapa sijui. Nimejiuliza mpaka kumbukumbu yenyewe imechakaa.

Ya tatu ni fupi, imeandikwa, "Saidi aliteleza." Hiyo nimeikata kwa mistari miwili.

Niliiandika kwa sababu ndivyo Saidi mwenyewe alivyomwambia kila mtu. Alipozinduka hospitali, mkewe, Mama Zubeda, alimuuliza imekuwaje. Akasema, "Niliteleza, Deo hakuniona." Mimi nilikuwa nimesimama pale na bakuli la uji. Nikampa uji.

Wiki tatu sikusema kitu. Nilikuwa naenda Buyenzi kila nikitoka kazini, namsaidia kuoga, nakula kwao. Mama Zubeda ananishukuru mbele ya majirani. "Huyu Deo ni zaidi ya ndugu." Ugali wake ulikuwa unashuka kama kokoto.

Jumamosi moja, baada ya alasiri, nikawakalisha wote wawili, nikasema yote. Gazi niliyokatazwa. Breki. Parfait aliyekwama. Na ule uongo kwamba chombo kilimaliza.

Mama Zubeda akaniambia, bila kupaza sauti, "Shemeji, week tatu uko unakula kwangu na hii neno iko mu kinywa?"

Nikasema ndiyo.

"Na ulikuwa unatafuna kweli?"



Saidi akaingilia. "Mama Zubeda, muache. Mi ndiye nilisema achia. Sikusema achia nini. Neno ni yangu."

Nikamwambia apana, gazi ulinikataza.

"Nilikukataza, lakini nilipiga magoti mu njia ya chombo. Nani anapigaka magoti mu njia?"

"Ulikuwa unanitengenezea mimi."

Mama Zubeda akasimama. "Munagombania kosa sawa watu wanagombania mukate. Mutu mwenye mguu ni nani hapa?" Akaingia ndani, akafunga pazia. Siku hiyo sikupewa chakula, na ilikuwa haki yake.

Nisiwadanganye kwamba mambo yalikaa sawa. Mama Zubeda hajanisema tena kwa majirani, wala kwa uzuri wala kwa ubaya. Ananisalimia. Naenda bado.

Gereji Saidi amerudi, ila anafanya zile kazi za kukaa. Kabureta, nyaya. Wale jamaa wa quad hakuna aliyeleta chombo chake, isipokuwa Parfait, mara moja, na nadhani kilikuwa kizima. Ile nyekundu na njano iko pale nyuma imefunikwa turubai. Hakuna anayeitania.

Juzi alipata magongo. Alikataa kujaribia nyumbani, akataka gereji, mbele ya mafundi wenzake. Nikamshika kwapani, nikamnyanyua. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyomzoea. Akayashika magongo, akatulia.

Akasema, "Achia."

Nikasikia mikono yangu inataka kutii. Nikaizuia.

"Achia nini?"

Saidi aliniangalia, jasho linamtoka puani.

"Mimi," akasema. "Uniachie mimi."

Nikamwachia. Akasimama.

Nilichojifunza si kikubwa. Siku hizi kwenye foleni wakinipigia kelele "achia", nafungua dirisha kwanza nauliza, achia nini? Wananitukana, wanasema huyu dereva amelewa. Wanitukane tu. Nawe ukiwa unamwongoza mtu kwenye chombo, maliza sentensi. Na wewe unayeongozwa, usiwe umekwisha kujiamulia kabla hujasikia.

Anayeona kosa ni langu lote aandike, sitabishana naye. Anayeona vinginevyo naye aandike, ingawa sijui kama nitamwamini.

Ila kabla ya hapo mafundi na madereva nijibuni hili moja, maana nataka kuliandika kwenye kaye: huko kwenu, mtu akikupigia kelele "achia", mkono wako unaachia nini?