Siku Tuliyoficha Samaki

Mpango wa mkoa ulielezwa kwa maneno machache: tufundishe watu kazi kwanza, wenye mitaji watakuja wenyewe. Niliuamini kuliko wote, maana mwalimu nilikuwa mimi. Katika jengo la kukodi mtaani Mbunya, mjini kwetu, niliwafundisha wanawake ishirini kukata minofu ya kapitene, yaani sangara, waliotufikia asubuhi katika barafu kutoka Tchomia, bandari yetu ya ziwani. Wengi walijua kukausha kwa moshi tu. Baada ya miezi sita walinishinda hata mimi.

Hodari kuliko wote alikuwa mama mmoja aliyekimbia vita kijijini kwake, akaishi kambini na watoto wawili. Shamba hakuwa nalo tena. Kilichombakia ni kisu cha minofu na tumaini la kiwanda ambacho hakijajengwa.

Mwenye kiwanda cha samaki kutoka Uganda alipotuma habari kwamba anatafuta pa kujenga kingine na atakuja kutuona, nilifanya kama mama yangu angefanya. Kwetu ni aibu mgeni akukute na mikono michafu. Niliamuru meza zisuguliwe, visu vifungiwe kabatini, na samaki wote wapelekwe sokoni ili nyumba isinuke. Wanawake walishona sare za vitenge, tukapanga viti na soda.

Yule mama alinifuata mlangoni.

"Mwalimu, mugeni anakuja kuona samaki, na siye tunaficha samaki?"

"Weye unataka anuse ile harufu? Enda vaa kitenge."

Akaenda. Mwalimu hapingwi, hata akiwa mjinga.

Mgeni aliimbiwa, akavumilia hotuba tatu, ndefu kuliko zote ikiwa yangu. Kisha akaomba kuona kazi. Nilimtuma mtu wa pikipiki sokoni mbio, lakini kapitene walikuwa wamekwisha, akarudi na samaki wa moshi. Mgeni alitazama saa yake, akasema kwa upole kwamba ndege haitamngoja. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema. Huyu alikuja kweli, na tukakataa kupona.

Baada ya wiki chache tulisikia kwamba amepanua kiwanda chake kulekule ng'ambo ya ziwa. Niliwaambia wanawake kwamba barabara zetu mbovu zimemkatisha tamaa. Waliitikia, "Ndiyo, mwalimu," na hilo liliniuma zaidi.

Mwezi uliofuata yule mama alikuja kwangu na watoto wake.

"Mwalimu, nimepata kazi."

Nilifurahi kama mpumbavu. "Wapi, mama?"

"Kwa ule mugeni, ngambo. Balinipa samaki moja nikate, ikatosha."

"Na watoto?"

"Batabaki na nyanya yao, kule kambi."

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru kwa kumfundisha vizuri. Watoto walisimama nyuma yake wakinitazama.